Watani wa Jadi Bila Utani: Ushabiki Uliopitiliza Unavyoonekana kutoka Haneti

Na Mwandishi Wetu, Haneti – Chamwino

Siku ya mchezo wa Simba na Yanga, Haneti huamka na rangi mbili. Kata hii ya Wilaya ya Chamwino, kaskazini mwa Jiji la Dodoma, iko mbali na makao ya klabu hizo, na wakazi wake wengi hawajawahi kukanyaga Mtaa wa Msimbazi wala makutano ya Twiga na Jangwani jijini Dar es Salaam. Hata hivyo, bodaboda hufungwa vitambaa vya kijani na njano au vyekundu na vyeupe, mazungumzo ya gengeni hubadilika, na ifikapo jioni vibanda umiza hujaa hadi watu wanachungulia kupitia nyufa za mbao. Haneti inajulikana kwa wafanyabiashara wa vito kwa jiwe lake la kijani, krisoprezi. Mpenzi wa Yanga hashindwi kudai kwamba hata ardhi ya hapa imekwisha kuchagua upande.

Matani ya namna hii hayana ubaya. Ni burudani ya bei nafuu kwa mkulima aliyeshinda shambani kwenye mtama na alizeti. Kinachostahili kutazamwa kwa makini ni kile kinachoanza pale utani unapokwisha: matusi kwa familia za wachezaji, viti vinavyong'olewa uwanjani, fedha za chakula zinazopotelea kwenye mkeka, na hasira inayorudi nyumbani pamoja na mshabiki. Suala hili limepata uzito mpya kwa kuwa Tanzania, pamoja na Kenya na Uganda, imekabidhiwa uenyeji wa fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027, na tabia ya majukwaa yetu itatazamwa na bara zima.

Tuanze na neno lenyewe. Simba na Yanga huitwa watani wa jadi, na jina hilo halikutoka hewani. Utani ni taasisi ya kale katika nchi yetu, na uwanda huu wa kati unaufahamu vizuri. Misafara ya Wanyamwezi iliyokuwa ikielekea pwani katika karne ya 19 ilipita Ugogo, ikahitaji maji na chakula, ikatozwa hongo na watemi wa Kigogo. Palikuwa na ugomvi, palikuwa na kuhitajiana. Katika mazingira kama hayo makabila mengi ya Tanzania yalijenga uhusiano wa kutaniana, ambao ulimruhusu mtu kumkejeli mwenzake, kumnyang'anya kitu mkononi na kumwita majina ya ajabu, bila mkejeliwa kuwa na haki ya kukasirika.

Lakini ruhusa hiyo ilikuwa na gharama yake. Mtani alikuwa na wajibu. Msiba ukitokea, ndiye aliyefika mapema, akashika jembe la kuchimba kaburi, akawachekesha wafiwa hata pale ambapo hakuna mwingine aliyethubutu kucheka. Alikuwa na haki ya kukwambia ukweli ambao ndugu yako aliuogopa, na aliposafiri akakwama kwenu, ulimpa chakula na mahali pa kulala. Kejeli na wajibu vilikwenda pamoja, na mtu aliyeshika kejeli akaacha wajibu hakuhesabiwa kuwa mtani. Alikuwa mtukanaji.

Kwa kipimo hicho, sehemu kubwa ya kile kinachoitwa utani wa jadi wa soka leo imebaki na nusu moja tu. Majina ya kudhalilisha kama Makolo na Utopolo yamezoeleka kiasi kwamba hutamkwa hata redioni bila mtangazaji kusita. Picha ya mchezaji aliyekosa penalti husambazwa ikiwa imeambatanishwa na maneno kuhusu mama yake. Wanaofanya hivyo wakiulizwa, hujibu kwamba ni utani. Swali la kuwauliza ni dogo: je, mchezaji huyo akivunjika mguu kesho, mtakuwa wa kwanza kufika hospitali?

Historia inaonyesha kwamba klabu hizi hazikuzaliwa kuwa maadui. Yanga iliasisiwa mwaka 1935, na Simba mwaka 1936, kwa masimulizi yanayofahamika kwa mashabiki wa pande zote mbili, na kundi lililojitenga kutoka kwa wenzao hao. Ni matawi ya shina moja. Simba ilipita katika majina ya Queens, Eagles na Sunderland kabla ya kuchukua jina la sasa mwaka 1971. Ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1965, bingwa wa kwanza alikuwa Sunderland. Tangu hapo kila kizazi kimeachiwa kumbukumbu yake ya kutambia: ushindi wa Yanga wa mabao 5-0 mwaka 1968, jibu la Simba la 6-0 mwaka 1977, mabao 5-0 ya Simba mwezi Mei 2012, sare ya 3-3 ya Oktoba 2013 ambayo Yanga walikwenda mapumziko wakiongoza 3-0, na mabao 5-1 ya Yanga mwezi Novemba 2023. Mzee wa Haneti aliyesikiliza mchezo wa 1977 kupitia Radio Tanzania na kijana aliyeona ule wa 2023 kwenye kibanda wanaweza kubishana usiku kucha, na wote wakawa na hoja.

Kilichobadilika ni ukaribu. Zamani habari ya mchezo ilifika kijijini kupitia redio moja yenye betri, ikasikilizwa na watu 20 wa pande zote mbili waliokaa chini ya mti mmoja. Mwaka 2021 Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) lilisaini mkataba wa miaka 10 wa haki za matangazo na Azam Media wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, na ligi ikaingia vijijini ikiwa na picha. Baada ya hapo simu janja ikamaliza kazi. Mshabiki wa Chamwino sasa hahitaji kusubiri Jumamosi. Anaweza kutukana na kutukanwa saa nane za usiku na mtu wa Mwanza au Muscat asiyemfahamu kwa sura. Chini ya ule mti, aliyevuka mpaka alionekana usoni na wazee, akanyamazishwa. Kwenye simu hakuna mzee.

Matokeo yake yameonekana uwanjani. Tarehe 1 Oktoba 2016, katika mchezo wa watani uliokwisha kwa sare ya 1-1, bao la Yanga lililolalamikiwa kwamba mfungaji aliushika mpira liliwasha hasira za mashabiki wa Simba, na viti vya Uwanja wa Taifa vikang'olewa. Uwanja huo, ambao leo unaitwa Uwanja wa Benjamin Mkapa, uliingizwa katika matumizi mwaka 2007 ukiwa na uwezo wa kubeba watazamaji 60,000, na ulijengwa kwa fedha za umma. Serikali ilizizuia klabu zote mbili kuutumia kwa muda. Wapo walioona adhabu hiyo ilikuwa kali kwa Yanga, ambao mashabiki wao hawakung'oa kiti. Hoja hiyo ilikuwa na uzito. Hata hivyo, jambo ambalo halikujadiliwa vya kutosha ni kwamba kiti kile kilikuwa mali ya mwananchi wa Haneti kama kilivyokuwa mali ya mwananchi wa Kariakoo, ingawa yeye hajawahi kukikalia.

Kisha ikaja tarehe 28 Mei 2023. Yanga ilikuwa mwenyeji wa USM Alger katika mchezo wa kwanza wa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, heshima ambayo klabu hiyo haikuwahi kuifikia. Watu walifika kwa maelfu, wengine wakiwa wamesafiri usiku kucha kutoka mikoani. Katika msongamano wa kuingia uwanjani shabiki mmoja alipoteza maisha na wengine wakajeruhiwa. Yanga ilifungwa 2-1 siku hiyo, ikashinda 1-0 ugenini Algiers tarehe 3 Juni, ikakosa kombe kwa kanuni ya mabao ya ugenini. Matokeo hayo yanakumbukwa na kila mtu. Aliyefia mlangoni anakumbukwa na wachache.

Tukio la karibu zaidi halikumwaga damu, lakini lilifundisha mengi. Mchezo wa Ligi Kuu uliopangwa tarehe 8 Machi 2025 haukuchezwa. Simba ilieleza kuwa usiku wa kuamkia siku hiyo ilizuiwa kufanya mazoezi katika uwanja utakaochezewa mchezo, ikatangaza kutoshiriki. Bodi ya Ligi ikaahirisha mchezo saa chache kabla ya kuanza. Yanga ikapinga na kupeleka timu uwanjani. Wananchi waliokata tiketi, wakapanda mabasi na treni, wakabaki wanaulizana mitaani. Mchezo ulichezwa hatimaye tarehe 25 Juni, Yanga ikashinda 2-0 na kutwaa ubingwa. Katika miezi ile mitatu na nusu, ilikuwa vigumu kumpata mshabiki aliyesoma kanuni yenyewe ya mashindano kuhusu haki ya timu mgeni kufanya mazoezi. Kila mmoja alikwisha kujua nani mwenye makosa, na alilijua kwa rangi ya jezi yake. Hapo ndipo ushabiki unapoanza kuugusa uraia: mtu aliyezoea kupokea ukweli kwa kuangalia kwanza umetoka upande gani, atafanya hivyo hivyo tangazo likihusu kipindupindu, sensa au bei ya mbegu.

Sinema nayo ina sura yake. Kibanda kilekile kinachoonyesha mpira Jumamosi huonyesha filamu siku nyingine, na msemo wa vibandani ni kwamba steringi hafi. Tarehe 7 Aprili 2012 Watanzania walipata habari kwamba Steven Kanumba, mwigizaji aliyeivusha filamu ya Kitanzania hadi kushirikiana na Nigeria, amefariki dunia akiwa na umri wa miaka 28. Tarehe 10 Aprili viwanja vya Leaders, Kinondoni, vilifurika. Watu walizimia kwa joto na msongamano, na ratiba ya kuaga mwili ikavurugika kwa kuwa umati ulikuwa mkubwa kuliko ulivyotarajiwa. Wengi wa waliolia hawakuwahi kukutana naye. Walimfahamu kwa jina la mhusika aliyemwigiza, na walimlilia kama mtu wa nyumbani.

Machozi yale yalikuwa ya kweli, na si haki kuyacheka. Lakini yana upande wa pili ambao mpenzi wa filamu anapaswa kuutazama. Umma uliomlilia nyota huyo ulikuwa umezoea kununua nakala za magendo za kazi za wasanii, au kuzitazama kibandani bila senti moja kumfikia mwenye kazi. Msanii aliyejaza viwanja akiwa maiti angeweza kukosa kodi ya nyumba akiwa hai. Ndiyo maana Serikali ilianzisha utaratibu wa stempu za kodi kwenye kazi za muziki na filamu mwaka 2013, ili kazi halali itambulike sokoni. Kumpenda msanii kwa kelele hakuna gharama. Kumlipa kunayo, na hapo wengi hurudi nyuma.

Wala si lazima nyota awe wa mbali. Uwanda huu wa kati ulimtoa Hukwe Zawose, mwana wa Ugogo aliyepeleka zeze na ilimba katika majukwaa ya Ulaya na kwingineko hadi alipofariki mwaka 2003. Kijana wa Chamwino anayejua kwa tarakimu mabao yote ya Cristiano Ronaldo, huenda hajui kwamba jirani yake wa kihistoria alisikilizwa na dunia akiimba kwa lugha ya bibi yake. Hilo si kosa la kijana peke yake. Ni lazima pawe na mtu wa kumwambia.

Turudi kibandani. Kiingilio ni kidogo, shilingi 500 au 1,000, na si hicho kinachoumiza familia. Kinachoumiza ni mkeka. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inasimamiwa na Bodi maalumu, na mtoto chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Lakini simu ya baba iko mezani, na kijana wa miaka 15 anajua namba ya siri. Mtu anayebeti kwa timu anayoiabudu hafanyi hesabu, anaweka imani. Timu ikifungwa amepoteza mara mbili, fedha na heshima, na kuna nyumba ambazo mke na watoto huulizia matokeo kabla baba hajafika, ili wajue jioni hiyo itakuwaje. Watendaji wa kata na maofisa ustawi wa jamii hulijua jambo hili, ingawa ni nadra kuandikwa katika taarifa kwa jina lake.

Hasara hiyo inaweza kwenda mbali zaidi. Mwezi Mei 2009, baada ya Arsenal kuondolewa na Manchester United katika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, shabiki mmoja jijini Nairobi alijiua. Timu ile haikumfahamu. Wachezaji wake walikuwa umbali wa maelfu ya kilomita, na wiki iliyofuata walicheza mchezo mwingine. Mtu anayefikia hatua hiyo mara nyingi huwa amebeba mizigo mingine, na ushabiki huwa ndiyo mlango wa mwisho tu. Kwa hiyo anayemwona mwenzake amebadilika kupita kiasi baada ya mchezo asimcheke. Akae naye, amsikilize, amfikishe kwa mhudumu wa afya.

Itakuwa si uungwana kuwatupia wananchi lawama zote. Vyombo vya habari vya michezo vimegundua kwamba kelele zinauza kuliko maelezo, na baadhi ya vipindi vya asubuhi vimekuwa mashindano ya nani amemdhalilisha mwenzake zaidi. Wasemaji wa klabu nao wamekuwa nyota kuliko wachezaji, na tambo zao za wiki nzima hupokelewa na umati ambao hauna kipenga wala refa. Serikali yenyewe haijakaa kando ya jukwaa. Wabunge hutaniana kwa rangi za klabu ndani ya Bunge, hapa hapa Dodoma. Zawadi ya Rais Samia Suluhu Hassan maarufu kama Goli la Mama, iliyoanza mwaka 2023 kwa shilingi milioni 5 kwa kila bao katika mashindano ya Afrika, ilitolewa kwa Simba na kwa Yanga bila ubaguzi. Hilo ni jambo la kuangaliwa: katika zawadi ile, bao la mtani lilihesabiwa kuwa bao la nchi. Ni mashabiki wangapi walilipokea hivyo? Mwezi Mei 2025, Simba ilipocheza fainali ya Kombe la Shirikisho na RS Berkane ya Morocco na kutoka sare ya 1-1 katika mchezo wa marudiano uliopigwa Zanzibar baada ya kufungwa 2-0 ugenini, wapo Watanzania walioshangilia kombe kwenda Morocco.

Sheria zipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa usambazaji wa taarifa za uongo na unyanyasaji wa mtu kupitia mtandao, na haimsamehe mtu kwa kuwa alikuwa amevaa jezi. Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, lina mamlaka juu ya klabu na vyama, pamoja na viongozi wake wanaochochea. Lakini polisi hawezi kukaa katika kila kibanda, na kwa maoni ya mwandishi hataweza hata akiongezwa mara kumi. Mwenye kibanda, anayejua wateja wake kwa majina, ana nguvu kubwa zaidi. Yeye ndiye anayeweza kumwambia mtoto kwamba saa mbili usiku si saa yake, na kumtoa nje mtu aliyeanza kutukana mama za watu.

Somo la mwisho limetoka kwa majirani. Katika mashindano ya CHAN yaliyofanyika Agosti 2025 nchini Kenya, Tanzania na Uganda, mashabiki wasio na tiketi walivunja utaratibu wa milango katika Uwanja wa Kasarani, Nairobi. Shirikisho la Soka Afrika (CAF) lilijibu kwa kupunguza idadi ya watazamaji katika mchezo uliofuata wa Kenya hadi 27,000 na kuruhusu tiketi za kielektroniki pekee. Hiyo ilikuwa adhabu nyepesi. Accra, Ghana, tarehe 9 Mei 2001, vurugu katika mchezo wa mahasimu Hearts of Oak na Asante Kotoko, pamoja na mabomu ya machozi yaliyopigwa kwenye jukwaa lililojaa, zilisababisha vifo vya watu zaidi ya 120.

Kwa mwananchi wa Haneti, mambo haya si ya mbali tena. Tangu mwaka 2024 treni ya kisasa inamfikisha Dar es Salaam kutoka Dodoma kwa saa chache, na michezo ya mwaka 2027 itachezwa katika nchi yake. Atakayepanga kwenda anashauriwa kupata kadi ya N-Card na kununua tiketi yake mapema akiwa bado nyumbani, kufika uwanjani milango inapofunguliwa badala ya dakika za mwisho, kutombeba mtoto mdogo katika msongamano, na kugeuka nyuma akiambiwa uwanja umejaa. Kibanda cha Haneti bado kitakuwa wazi, na mtani wake atakuwa amemwekea nafasi kwenye benchi.